Familia ya Ofa

Ilikuwa siku ya mwisho ya ofa, na watu wa mji ule ukiwaambia mwisho wa ofa wanakuja hata wasiohitaji kitu. Mbele ya kaunta ya saa za mazoezi palikuwa na viwiko, mikoba na watoto wanaolilia soda. Katikati ya vurugu hiyo alisimama binti mmoja mwenye gauni la bluu lenye mifuko mikubwa, chanuo limechomekwa kwenye nywele zake kana kwamba amelisahau. Na kweli alikuwa amelisahau.

Alikuwa msusi. Wateja walimwita Chapchap kwa jinsi vidole vyake vilivyokuwa vyepesi, na jina hilo likamganda mpaka nyumbani. Lakini kwa wepesi wake wote alikuwa na sharti moja: akianza msuko, hauachii katikati. Simu iite, mvua ipige bati, bosi apayuke, Chapchap atafika mwisho wa msuko ndipo ageuke.

"Mama, hii itanasa nywele," alimwambia muuza saa, akirudisha saa ya kwanza. "Ina kibano cha chuma. Nitawang'oa watu rasta."

"Basi chukua hii. Kioo kikubwa, hata simu unapokea humohumo."

"Nipokee simu ya nani, mikono iko kichwani kwa mtu?"

Watu wakacheka, na mmoja akacheka kuwazidi wote. Chapchap akageuka akiwa na jibu kali mdomoni, jibu likaishia hapohapo. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe lililonyooka kwa pasi, raba zilizolika visigino, na meno ambayo hayakuwa na haraka ya kujificha.

"Nisamehe, dada yangu. Nimecheka kwa sababu shida yako ndiyo yangu. Mimi natafuta isiyoharibiwa na dawa ya kunawia mikono. Nafanya kazi hospitali, kunawa ndiyo maisha yetu. Mkanda wa ngozi ukinipa leo, wiki ijayo umeoza."

"Kumbe daktari?"

"Dereva."

"Wa ambulensi?"

"Wa vitanda." Akacheka tena. "Nasukuma wagonjwa. Wodini kwenda eksirei, eksirei kwenda chumba cha upasuaji, na kurudi. Wananiita Breki. Hakuna kitanda kilichowahi kunishinda kukisimamisha."

Muuza saa, mama wa miwani mwenye sauti ya kuuzia sokoni, akagonga kaunta kwa kalamu. "Nyie wawili mnanifungia foleni! Sikilizeni. Hii hapa ina mkanda wa mpira, haina chuma cha kunasa, sabuni haiiwezi, inapima mapigo ya moyo, usingizi na mbio, na juani inasomeka. Chaji unaisahau siku nyingi. Tena ni ofa ya jozi, ya pili nusu bei. Mnachukua, hamchukui?"

Wakaangaliana. Ni mtazamo mfupi tu, lakini hata mtoto aliyekuwa akililia soda alinyamaza.

"Tugawane?" akasema Breki.

"Tugawane," akasema Chapchap.

"Vizuri. Leteni simu nizisajili. Ofa ya jozi ni ya familia, lazima zikae kwenye akaunti moja."

"Sisi si familia!" wakasema kwa pamoja.

"Leo mmekuwa. Mkuu wa familia nani?"

"Mimi," akasema Chapchap, kidevu juu, na foleni nzima ikaangua kicheko.

Yule mama akawaonyesha. Kila mmoja atamwona mwenzake kwenye simu: ametembea, amekaa, anakimbia, amelala.

"Hata kulala?" Chapchap akashtuka.

"Hata kulala. Ndiyo familia hiyo, mwanangu. Mwingine!"

Nje, chini ya kivuli cha duka, kila mmoja akajifanya anafunga vizuri mkanda wa saa yake, kumbe wanatafuta sababu ya kutoondoka.

"Kwa hiyo unakimbia?" Breki akauliza.

"Nataka kuanza. Mama yangu ana presha. Daktari amenionya nisisubiri yangu ifike ndipo nihangaike. Na wewe?"

"Mimi niliishiwa pumzi kwenye ule mwinuko wa kwenda wodi ya wazazi. Mgonjwa niliyekuwa namsukuma akaniambia, 'Mwanangu, hebu panda wewe nikusukume.'"

Chapchap alicheka mpaka chanuo likamdondoka. Breki akaliokota, akalipuliza vumbi, akalirudisha palepale kichwani kwake kwa uangalifu wa mtu aliyezoea kugusa watu wanaoumwa. Msusi huyu aliyekuwa akishika vichwa vya watu kutwa, hakukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alikigusa chake kwa upole.

Basi ikaanza hivyo. Kabla ya mapambazuko simu ilitetema chini ya mto wa kulalia wa Chapchap.

"Mkuu wa familia, mbona saa inasema hukulala?"

"Nilikuwa nafikiria."

"Unafikiria nini?"

"Mkanda wa saa."

"Mkanda wa saa una bahati."

Wakaanza kukutana uwanja wa shule, jua likiwa bado halijaamua kutoka. Chapchap na suti yake ya mazoezi ya rangi ya ndimu na kitambaa chekundu kichwani, Breki na kaptura iliyompwaya na zile raba zake zilizochoka. Siku za mwanzo walikimbia kidogo na kulalamika sana. Baadaye wakakimbia zaidi, na kulalamika kukageuka kutaniana.

"Breki, mbona unafunga breki? Twende!"

"Nakuangalia ukikimbia, mpenzi."

Neno lilimtoka kabla hajalipanga. Chapchap akasimama kama aliyegonga ukuta, akimtazama, mikono kiunoni, kifua kikipanda na kushuka.

"Umeniitaje?"

"Umesikia."

"Rudia, nahema, sijasikia vizuri."

"Mpenzi," akasema Breki. "Na nitarudia mpaka uniambie niache."

Hakumwambia aache. Siku ile walirudi wakitembea, wameshikana mikono, na saa zao zote mbili zikapiga kelele kwamba mazoezi yamesimama. Hawakuzijali.

Asubuhi moja, wakiwa wameketi kwenye ngazi za uwanja wakinywa maji kwenye chupa moja, Chapchap akamweleza jambo alilokuwa akilibeba. Aliwahi kuchumbiwa. Mchumba huyo kila jioni alikuwa kazini. Akipigiwa, yuko kazini. Akikosa kuja kumwona mama, yuko kazini. Mpaka siku Chapchap alipoitwa kumsuka mteja nyumbani kwake, akamkuta mchumba wake huyo amekaa sebuleni, soksi miguuni, rimoti mkononi, kama mwenye nyumba.

"Sikulia kwa ajili yake," akasema. "Nililia kwa jinsi nilivyoliamini hilo neno. Breki, ukinichoka niambie umenichoka, nitaumia nitapona. Lakini usije ukaniambia uko kazini na huku umekaa."

"Nikikaa nitakuambia nimekaa."

"Uniapie."

"Nakuapia, mkuu wa familia."

Akamwamini. Alimpeleka kwa mama, na mama mgonjwa wa presha na magoti akampenda kuliko ilivyotarajiwa, maana Breki alimkagulia kiti chake na kukikaza miguu kabla hata hajakaribishwa kukaa. Mama mdogo, aliyekuwa na saluni yake mji wa mbali, alipopiga simu kama kawaida yake kumbembeleza Chapchap ahamie huko akashike kiti cha pili, safari hii alijibiwa kwa kicheko. "Mama mdogo, mimi hapa nina familia ya ofa, siwezi kuhama."

Laiti hadithi ingeishia hapo. Lakini ile saa iliendelea kuandika.

Breki alipoingia zamu ya mchana, kwenye simu ya Chapchap pakatokea neno dogo la kijivu: Amekaa. Mara ya kwanza akalipuuza, huenda anapumzika. Siku iliyofuata, Amekaa. Iliyofuata tena, Amekaa, mchana mpaka jioni. Kila alipolitazama aliziona zile soksi sebuleni. Akajikataza kulitazama, na kila alipojikataza akalitazama zaidi.

Jioni moja Breki akampigia, sauti imechakaa.

"Umeshindaje, mpenzi wangu?"

"Salama. Wewe umechoka?"

"Hoi. Lifti ya jengo la zamani imekufa, nimezunguka na vitanda njia ya nje kutwa nzima. Miguu inawaka moto."

Chapchap akalikumbuka lile neno la kijivu.

"Breki."

"Naam."

"Saa inasema umekaa."

"Saa gani?"

"Hiyo uliyovaa mkononi!"

"Aa, itakuwa imekosea."

"Na jana imekosea? Juzi? Asubuhi tukikimbia haikosei. Ukifika hiyo kazi yako tu, inakosea."

Breki alikuwa amesimama kwenye kituo cha basi, mgongo unauma, na alikuwa ametarajia pole. Alichokipata ni kesi. Na yeye pia alikuwa na lake moyoni, alikuwa amelimeza siku nyingi.

"Kumbe unanichunga. Basi na mimi nikuulize. Wewe si unashinda saluni?"

"Ndiyo."

"Umesimama nyuma ya kiti unasuka?"

"Nimesimama, ndiyo, unataka nisuke nikiwa nimelala?"

"Sasa mbona saa yako inasema unakimbia? Mchana kutwa, Chapchap! Kwenye jua hilo unakimbia wapi? Na unakimbia na nani?"

Hapo mimi ninayesimulia ningekuwa karibu ningewagonganisha vichwa. Lakini hawakuwa na mtu karibu, kila mmoja alikuwa na simu sikioni na uchungu wake. Chapchap alisikia mambo mawili tu: kwamba ameitwa mwongo na mtu anayemdanganya, na kwamba hakuitwa tena mkuu wa familia.

"Usinipigie," akasema, akakata.

Akafungua ile akaunti. Ondoa mwanafamilia? simu ikamuuliza. Akabonyeza Ndiyo, na jina la Breki likafutika, na lile neno la kijivu likaenda nalo. Kisha akampigia mama mdogo kabla machozi hayajamwahi.

"Kile kiti bado kipo?"

"Kipo, mwanangu! Kwani vipi hiyo familia?"

"Ofa imeisha, mama mdogo. Jumatatu nakuja."

Siku zikapita bila asubuhi ya uwanjani. Breki alitazama simu yake, akaona akaunti ina mtu mmoja, yeye mwenyewe. Akavaa ukimya kazini mpaka wagonjwa wakamwuliza nani amefariki. Alitaka kupiga, akakumbuka ameambiwa asipige. Alitaka kukasirika, hasira nayo ikamkimbia, ikabaki hamu tu.

Ikafika siku ya kliniki ya mama. Chapchap alimpeleka hospitali ileile, akiomba moyoni asikutane na mtu na wakati huohuo akitafuta shati jeupe kila kona. Breki alikuwa na mapumziko siku hiyo, hakuwapo. Magoti ya mama yaligoma getini, wakapewa kiti cha magurudumu, na kwa kuwa hakukuwa na wa kusukuma, Chapchap akashika mishikio mwenyewe. Kutoka getini mpaka chumba cha daktari. Kutoka kwa daktari mpaka maabara, upande wa pili wa bustani. Maabara mpaka dirisha la dawa. Kisha, wakati wa kutoka, ule mwinuko wa wodi ya wazazi, maana njia nyingine ilikuwa imefungwa. Alifika juu jasho likimwingia machoni, miguu inawaka moto.

Miguu inawaka moto. Alikuwa amelisikia wapi neno hilo?

Saa ikamtetema mkononi. Akaitazama. Umekaa muda mrefu. Simama, tembea kidogo.

"Nini tena?" mama akauliza. "Mbona umesimama katikati ya njia?"

Chapchap alikuwa akiutazama mkono wake. Kutwa nzima umetulia juu ya mshikio, haukupunga, haukucheza. Ni miguu tu iliyokwenda, na saa haikai mguuni.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "nimemwonea mtoto wa watu."

Wakati huohuo, upande mwingine wa mji, Breki alikuwa ameketi kwenye kigoda uani kwake, beseni mbele yake, akifikicha mashati ya kazi. Alifikicha kwa nguvu za mtu mwenye mawazo. Saa ikatetema ndani ya povu. Akainua mkono. Hongera! Mbio safi. Endelea hivyohivyo.

"Mimi nimekaa," Breki akaiambia kwa sauti.

Akafikicha tena kidogo, kwa majaribio. Namba zikapanda. Akavitazama vidole vyake vyenye povu, na ghafla akaviona vidole vingine, vyepesi, vinavyokimbia kwenye kichwa cha mtu kuanzia asubuhi mpaka jioni bila kupumzika. Akaruka, beseni likapinduka, akakimbilia simu.

Namba unayopiga inatumika kwa sasa.

Akapiga tena. Inatumika. Hospitalini Chapchap naye anapiga, inatumika. "Anaongea na nani?" akanung'unika Breki. "Anaongea na nani huyu?" akanung'unika Chapchap. Ugonjwa ni uleule, haujapona.

Mama akamtazama bintiye kutoka kwenye kiti. "Mnapigiana kwa pamoja, nyie wajinga. Acha wewe, apige yeye."

Chapchap akaacha. Bahati mbaya na Breki akaacha, akisubiri. Simu zote mbili zikakaa kimya.

"Sasa piga basi!" mama akapaza sauti, na wapita njia wakageuka.

"Breki? Niko hospitali kwenu."

"Mama ana nini?"

Ndilo neno lake la kwanza. Hakuuliza kwa nini alimfuta. Machozi yakamtoka Chapchap palepale.

"Mama mzima. Mimi ndiye mgonjwa. Nimemsukuma mama hospitali nzima, Breki, nimepanda na ule mwinuko wako, na saa inaniambia nimekaa. Nisamehe. Inasoma mkono tu, na mikono yako siku zote iko kwenye kitanda."

"Na mimi nafua hapa, nimekaa kwenye kigoda, imenipa hongera ya mbio. Kumbe ulikuwa unakimbia kwenye vichwa vya watu! Nisamehe mimi niliyekuuliza na nani."

Wakacheka, wakalia, wakacheka tena, mpaka Chapchap akakumbuka.

"Lakini nimeshampa mama mdogo neno. Jumatatu naondoka. Ananisubiri."

"Sawa," akasema Breki taratibu. "Nimekuelewa." Na simu ikakatika.

Sawa! Chapchap aliligeuza neno hilo kichwani siku nzima na usiku wake. Mtu anayekutaka anasema sawa?

Jumatatu asubuhi alikwenda saluni kumalizia kichwa cha mwisho kabla ya basi la mchana. Sanduku lake lilisimama pembeni ya mlango. Mteja alikuwa mwalimu wa hisabati, mama asiyependa utani, nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima. Chapchap alikuwa katikati ya msuko simu yake ilipowaka kwenye rafu ya kioo.

"Hebu nisomee, mwalimu, mikono haina nafasi."

Mwalimu akavaa miwani. "Kuna mtu anaitwa Breki. Anakuomba ujiunge na familia yake. Chini pameandikwa Kubali na Kataa. Nibonyeze wapi?"

Vidole vya Chapchap vikaukaza msuko. Akainua macho kwenye kioo. Mlangoni, nyuma ya sanduku, alisimama kijana mrefu mwenye shati jeupe lililolowa jasho, anahema.

"Umekuja kwa mbio?" akamwuliza kupitia kioo.

"Saa inasema hivyo. Leo haijakosea."

"Breki, hiyo uliyotuma ni ya saa, au..."

"Ya saa tulikuwa nayo ukaifuta, na ulikuwa na haki. Hii ni ya mimi na wewe. Nataka unioe... aa, nikuoe! Umeona unavyonichanganya?" Saluni nzima ikalipuka kwa vicheko, yeye hakucheka. "Nilisema sawa kwa sababu sikutaka kukuzuia kwa simu. Kama unakwenda kwa mama mdogo, nenda, nami nitakufuata. Hospitali ziko kila mji, na vitanda haviwezi kujisukuma. Lakini usiende peke yako, mkuu wa familia."

"Mwenzenu nina nusu kichwa," akasema mwalimu. "Nibonyeze Kubali nimalizwe?"

"Usiguse!"

Na hapo, mbele ya wasusi wenzake walioshuhudia kwa macho yao na wanaosimulia hadi leo, Chapchap akauachia msuko katikati. Ulijifumua wenyewe mpaka juu ya sikio la mwalimu. Chapchap akafuta mafuta ya nywele kwenye gauni, akachukua simu, akabonyeza mwenyewe.

"Nimekubali," akasema. Breki akaruka sanduku, akamkumbatia mpaka miguu ikaacha sakafu. "Niteremshe! Mama mdogo nitampigia mwenyewe, atanielewa. Kile kiti sikukitaka, nilikuwa nakikimbilia tu."

"Na mbio hizo saa haikuzihesabu," akasema Breki.

"Nyamaza. Kaa pale kwenye benchi unisubiri, nimalize kichwa cha watu."

Breki akakaa, mikono juu ya magoti, tabasamu limemjaa uso mzima. Chapchap akarudi nyuma ya kiti, akauokota ule msuko, akauanza upya. Baada ya muda simu ikawaka tena kwenye rafu, na mwalimu, ambaye sasa alijiona ana cheo, akaisoma bila kuombwa.

"Breki," akatangaza. "Amekaa."

Chapchap akamtazama kwenye kioo. Alikuwa amekaa kweli.